Kinacholia chini ya kitanda cha baharia

Agosti mwaka jana, saa tisa usiku, mdogo wangu alinitumia rekodi ya sauti ya dakika mbili na sekunde kumi. Anaishi ndani ya boti ya matanga, mwaka wa tatu sasa: analala humo, anapika humo, analipwa kuitunza na kuihamisha kila mwenyewe anapotaka. Usiku huo walikuwa nje kidogo ya Wasini, wakitoka Tanga kwenda Kilifi. Walikuwa wameteremsha matanga na kuzima injini, wakisubiri kupambazuke ndipo waupite mlango wa mwamba. Kabla ya sauti yenyewe kuanza anasikika akininong'onea: "Dada, usicheke. Kuna kitu kinalia chini ya kitanda changu."

Niliisikiliza nikiwa kitandani South B, taa zimezimwa. Kwanza kuna mchirizo kama wa mafuta ya moto. Zinapita sekunde kama ishirini, kisha kutoka mbali sana inapanda sauti moja ndefu na nzito, kama mlango wa zizi unaofunguliwa polepole. Katikati inageuka, inakuwa nyembamba kama ya mtoto anayeanza kulia, halafu inakatika. Kimya. Inarudi vilevile. Niliketi.

Asubuhi niliituma kwenye kundi la familia bila maelezo yoyote, na hilo lilikuwa kosa langu. Kufikia Jumapili ilikuwa imenirudia mara tatu kutoka kwa watu tofauti. Mmoja alisema ni chunusi, yule anayewavuta waogeleaji. Mwingine alisema ni jini wa Wasini. Wa tatu alikuwa na hakika kwamba imetengenezwa na akili unde. Mwaka huu, kusi ilipoanza kuvuma, imeanza kuzunguka upya, safari hii ikidaiwa kurekodiwa Ziwa Victoria, na hapa Nairobi wapo walioniapia kwamba binamu zao waliisikia Mbita.

Nafundisha fizikia katika shule ya sekondari. Swali lililonifaa kuliko maelezo yote hayo liliulizwa darasani, na kijana wa kidato cha pili aliyezaliwa Likoni. "Mwalimu, kama ni nyangumi kweli, mbona mimi nimekulia ufuoni na sijawahi kumsikia hata siku moja?" Ninayoandika hapa ni jibu lake, kwa urefu ambao kipindi cha dakika arobaini hakikuniruhusu.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Nyangumi si samaki. Ana damu ya moto, anapumua kwa mapafu, anazaa na kunyonyesha, na asipokuja juu kuvuta pumzi anakufa maji kama wewe na mimi. Aina zake ni nyingi. Tunayemzungumzia hapa ni nyangumi kibyongo, anayeitwa hivyo kwa jinsi anavyoukunja mgongo anapotaka kuzama. Mkubwa wao ana urefu wa mita 13 hadi 16. Panga matatu tatu za abiria kumi na wanne, moja nyuma ya nyingine, umempata.

Kisha tutenganishe mlio na wimbo. Mlio ni sauti yoyote anayotoa mnyama; mama nyangumi na ndama wake huitana kwa milio midogo, ya chini, karibu kunong'ona. Wimbo ni milio iliyopangwa kwa utaratibu na kurudiwa kwa utaratibu uleule. Kondakta akipiga ukelele "beba, beba!" huo ni mlio. Akianza kuimba, una mpangilio, na ukikosewa utajua.

Na sauti? Sauti ni mtetemo unaosafiri ndani ya kitu: hewa, maji, ukuta, mfupa. Mitetemo ikiwa michache kwa sekunde tunasikia sauti nzito, ikiwa mingi tunasikia nyembamba. Sikio la binadamu hupokea kuanzia mitetemo kama 20 kwa sekunde hadi 20,000. Sauti nzito hudumu safarini kuliko nyembamba. Mkazi wa Umoja au Rongai halihitaji somo hili, kwa maana matatu ikiwa bado haijakata kona maneno ya mwimbaji huyasikii, besi peke yake ndiyo inayokugonga kifuani. Maneno yamekwisha njiani.

Ndani ya maji ya bahari sauti hukimbia mita kama 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, ambao ni mita 340 hivi. Pia haichoki upesi. Mwanga, kinyume chake, hufa mapema: ukishuka mita 200 chini ya uso wa bahari umeshaingia gizani. Kiumbe anayeishi huko hawezi kutegemea macho kumtafuta mwenzake aliye kilomita kumi mbele. Hutegemea masikio.

Kifuniko

Sasa kijana wa Likoni. Maji ya bahari ni mazito kuliko hewa kwa zaidi ya mara 800, na sauti haipendi kuvuka kutoka kitu kizito kwenda kitu chepesi namna hiyo. Ikitoka chini na kufika kwenye uso wa maji, karibu yote hugonga na kurudi ilikotoka. Katika sehemu elfu moja za nguvu yake, inayopenya kuja hewani ni kama sehemu moja. Kwa hiyo uso wa bahari, unaouona wazi hivyo, kwa sauti ni kifuniko cha sufuria.

Hili mtu anaweza kulijaribu katika bwawa lolote la kuogelea la hapa Nairobi. Zamisha kichwa, mwenzako aliye ukingoni akuite jina lako. Utasikia mvumo usioeleweka. Sasa mwambie ashike mawe mawili, ayazamishe upande wa pili wa bwawa na kuyagonganisha humo humo majini. Utadhani ameyagongea sikioni mwako.

Anayesimama ufuoni Likoni, basi, ana masikio yake upande wa juu wa kifuniko. Ongeza mawimbi yanayovunjika mwambani, ongeza feri zinazovuka usiku na mchana, ongeza kwamba maji mafupi ya ndani ya mwamba huzimeza sauti nzito kabla hazijafika mchangani. Nyangumi angeweza kuimba usiku kucha kilomita chache kutoka hapo, na kijana alale fofofo.

Kitanda cha mdogo wangu kiko upande wa omo, yaani mbele ya boti, chini ya usawa wa maji. Boti ni ya mbao. Kati ya sikio lake na Bahari Hindi palikuwa na mto wa kulalia, ubao wa unene wa vidole viwili, basi. Maji yanapotetemeka, ubavu wa chombo hutetemeka nayo, kama ngozi ya ngoma inavyopokea pigo, na upande wa ndani hewa ya chumba huchukua sehemu ya mtetemo huo. Akiuegemeza kichwa kwenye ubao, hata hewa haihitajiki, mtetemo unapita kwenye mfupa wa fuvu moja kwa moja. Wanaoishi kwenye maghorofa ya Pipeline hulijua jambo hili kwa namna yao: weka sikio kwenye bomba la maji bafuni, utasikia jirani wa ghorofa ya nne akifungua mfereji, ilhali mlangoni pako ni kimya.

Ndicho kilichomtisha mdogo wangu, aliniambia baadaye. Alipanda sitahani mara tatu usiku ule na tochi. Juu hapakuwa na kitu ila upepo na maji yakilamba ubavu. Akishuka, akilaza kichwa, sauti ipo. Akipanda, haipo. Mtu aliyelelewa na hadithi za bahari tulizolelewa nazo atafikiri nini? Simlaumu hata kidogo yeyote aliyetaja jini. Watu wa pwani walisikia kitu cha kweli, karne kwa karne, kikitoka ngamani mwa majahazi yao, na juu hapakuwa na wa kukidai.

Ndani ya rekodi

Ukiisikiliza vizuri, mpaka karibu na mwisho rekodi ina sauti tatu, na mbili kati yake si za nyangumi.

Ule mchirizo wa mafuta ya moto, ambao watu wengi waliudhania hitilafu ya simu, ni kamba wadogo wa mwambani. Wapo wa aina moja wenye ukucha mmoja mkubwa kupita kiasi. Kamba huyu huufunga ukucha kwa kasi ya ajabu, maji yanachomoka, nyuma yake linabaki povu dogo tupu, na povu hilo linapobomoka ndipo panapotoka mlipuko mdogo. Si ukucha unaogonga, ni povu linalovunjika. Mmoja ni "tak". Maelfu wakiwa mwambani ni sufuria la sambusa, usiku na mchana, pwani zote za maji ya moto duniani.

Sauti ya pili ni maji yakigonga ubavu, tok, tok, bila mpangilio. Ya tatu ndiyo iliyotukusanya hapa.

Mwaka 1971 watafiti wawili wa Marekani, Roger Payne na Scott McVay, walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa rekodi za vibyongo, nyingine zikiwa zimenaswa karibu na visiwa vya Bermuda. Walichoonyesha ni kwamba sauti zile hazikuwa kelele za ovyo. Zilijirudia, kwa mpangilio uleule, kila mzunguko ukichukua dakika 7 hadi 30, kisha mwimbaji huanza upya bila kutulia. Kwa msomaji wa Kiswahili mpangilio huo hauhitaji istilahi mpya, tunazo tangu zamani. Mlio mmoja ni kama mizani. Milio kadhaa hufanya mshororo. Mshororo unarudiwa mara kadhaa mpaka unatimia ubeti, kisha nyangumi anahamia ubeti mwingine, na beti zote zikifuatana kwa zamu yake ndio wimbo.

Na vina vimo. Mwaka 1988 Linda Guinee na Katharine Payne walieleza kwamba katika nyimbo zenye mambo mengi zaidi ya kukumbuka, mishororo ya beti tofauti huwa na vipande vinavyofanana, na wakapendekeza kwamba huenda vinamsaidia nyangumi kukumbuka kinachofuata. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka marehemu bibi yangu aliyekuwa akighani utenzi mrefu bila karatasi, na tukimuuliza anawezaje anasema kina ndicho kinachomshika mkono.

Waimbaji ni madume peke yao. Kwa nini wanaimba, wataalamu bado wanabishana: wako wanaosema ni kuwavuta majike, wako wanaosema ni madume wanajuana na kupimana nguvu, na wako wanaoona yote mawili. Kinachojulikana ni kwamba madume wa eneo moja la bahari huimba wimbo mmoja kwa wakati mmoja, na wimbo huo hubadilika kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, wote wakibadilika pamoja.

Mara nyingine haubadiliki kidogo kidogo, unapinduliwa. Mwaka 1996, mashariki mwa Australia, watafiti waliwasikia madume wawili wakiimba wimbo wa ajabu, tofauti kabisa na wa wenzao. Ulikuwa wimbo wa pwani ya magharibi ya nchi hiyo. Kufikia 1998 madume wote wa mashariki walikuwa wameutupa wao wa zamani na kuushika huo mpya. Kijana wa Nairobi analielewa hili kuliko mimi. Muziki wa genge ulitawala mitaa, ikaja gengetone, ikaja arbantone, na kila mara walianza wachache kwenye kona fulani wengine wakasema hii ni nini, mwaka haujaisha kila matatu inaipiga.

Watu huniuliza pia anaimbaje chini ya maji bila kuvuta pumzi. Mwaka 2024 timu iliyoongozwa na Coen Elemans ilichapisha matokeo ya kuchunguza makoromeo ya nyangumi watatu waliokufa baada ya kukwama ufuoni, mmoja wao kibyongo. Ndani mna umbo kama herufi U linalobana kwenye mto wa mafuta, na hewa ikisukumwa kati yake inatetemeka. Hewa hiyo haitoki nje. Huingia kwenye mfuko, ikarudishwa, ikatumika tena. Aliyewahi kumtazama mpiga nzumari harusini Lamu, mashavu yamevimba, sauti haikatiki na hujui anapumua saa ngapi, ana nusu ya picha. Nyangumi yeye pua amezifunga kabisa.

Kwa nini Agosti, kwa nini usiku

Vibyongo wetu hula upande wa Antaktika, wakati wa kiangazi cha huko. Baridi ikiingia kusini wanapanda kuja maji ya moto kuzaa na kupandana, wakipita Msumbiji na Tanzania, na wengine wanafika Kenya hasa kati ya Julai na Septemba. Hata kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa upande mmoja. Wanakuja na kusi, kama majahazi. Kule Oman wako vibyongo wengine wasiohama kabisa, wachache mno, wenye wimbo wao tofauti na wa hawa wetu.

Mchana nao wanaimba. Usiku sisi ndio tunaonyamaza: injini zimezimwa, redio imezimwa, mara nyingi upepo umepungua, mtu amelaza kichwa ubavuni. Hata hivyo kuna zaidi ya hilo. Rekodi zilizofanywa Hawaii zimeonyesha kwamba wakati wa msimu kwaya ya vibyongo huwa na nguvu zaidi usiku kuliko mchana.

Nipite upesi kwenye yale mengine yanayosemwa. Ziwa Victoria halina nyangumi. Nyangumi kibyongo ni wa bahari ya chumvi, na rekodi hiyo naijua ilikotoka. Wimbo haumtabirii mtu msiba. Kuhusu kumeza watu, kisa cha Nabii Yunus, au Yona, ni habari ya muujiza na siigusi. Ninachosema ni kwamba kibyongo hula uduvi na samaki wadogo, na koo lake halipitishi mtu. Na wanaodai kwamba sauti za nyangumi mtandaoni zimechezewa, kwa upande mmoja hawakukosea: nyangumi wa buluu huimba kwa sauti nzito kiasi kwamba sikio letu huikosa au huipata kwa shida, kwa hiyo rekodi zake mara nyingi huharakishwa ili tuzisikie. Kibyongo hahitaji hilo. Milio yake mingi inaingia sikioni kama ilivyo.

Lipo jambo moja katika rekodi ambalo hakuna aliyeniuliza. Karibu na dakika ya pili unaanza mvumo wa chini kabisa, mmmm, unaokua. Ni meli kubwa ikielekea Mombasa, mdogo wangu aliziona taa zake. Mlango wa zizi unafunguka mara moja zaidi, unasikika nusu, halafu hausikiki tena. Sekunde zilizobaki ni meli.

Rafadha, yale mapanga yanayozunguka kuisukuma meli, hutoa sauti nzito, palepale ambapo nyangumi anaweka sehemu kubwa ya sauti yake, na kwa sababu zilezile inasafiri mbali. Tunajua kwamba si usumbufu wa masikio peke yake. Septemba 2001, baada ya mashambulizi ya kigaidi dhidi ya Marekani, safari za meli zilipungua ghafla katika Ghuba ya Fundy, Kanada. Watafiti waliokuwa wakikusanya kinyesi cha nyangumi wa huko walikuja kukuta kwamba siku hizo za utulivu homoni za msongo wa mwili zilikuwa zimeshuka. Bahari ilipopata kimya, miili yao ililegea.

Linaniuma kwa sababu hawa ni waliosalia. Karne ya ishirini wawindaji waliua vibyongo zaidi ya 200,000 katika nusu ya kusini ya dunia. Uwindaji wa biashara dhidi yao kusini ulipigwa marufuku mwaka 1963, na mwaka 1979 Bahari Hindi ikatangazwa hifadhi ya nyangumi. Tangu hapo wameongezeka vizuri. Leo manahodha wa Watamu hupeleka taarifa kila wanapowaona, na utalii wa kuwatazama umeanza kulisha familia. Mwenye boti anayezima injini akakaa mbali kidogo, mama na ndama wakapita, anafanya kitu kikubwa kuliko anavyodhani.

Kijana wangu wa Likoni hana boti ya matanga. Nilimwambia kuhusu kafi. Mvuvi mmoja mzee wa Wasini alimwonyesha mdogo wangu: toka nje ya mwamba kwa ngalawa, simamisha chombo, tumbukiza ubapa wa kafi majini, kisha mpini wake ukaze kwenye mfupa nyuma ya sikio na uzibe sikio la pili. Mbao inafanya kazi ileile ya ubavu wa boti. Agosti hii, shule zilipofungwa, alikwenda na mjomba wake alfajiri, umande ukivuma kutoka bara. Saa tatu asubuhi nilipata ujumbe wake.

"Shikamoo mwalimu. Nyangumi bado. Lakini ile sufuria ya sambusa nimeisikia, na mjomba hataki kunirudishia kafi."